Pa Kupumzika Kwenye Njia ya Lubutu

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya usafiri hapa Kindu, mkoani Maniema. Mbele yangu bwana na bibi waliotoka mji mkuu walikuwa wakichagua pa kwenda kiangazi hiki, watembee msituni na kutazama wanyama. Karani aliwasifia njia ya zamani ya miguu, upande wa Lubutu.

"Nyani, tausi wa pori, byote iko," alisema. "Katikati iko fasi muzuri sana, yenye majani mekundu. Njo pale tunapumuzikaka na kula."

Mama mmoja aliyesubiri tiketi alikaza kitambaa chake kichwani.

"Majani yale hayakujipanda, baba. Wakati wa vita tulikimbilia njia ile. Aliyezika mtu alichomeka kijiti cha majani yale juu ya kaburi, kikaota. Pale iko mutoto wangu wa kwanza."

Karani aliweka kalamu chini. "Pole, mama. Basi tutakula mbele kidogo."

"Mbele kidogo njo kuko baba yake."

Bibi mgeni akauliza, kwa sauti ndogo, kama hakuna mahali pengine. Karani akataja Lokandu, mtumbwi na ndege wa mtoni. Wakakubali upesi.

Ndugu yangu wa pekee alitupwa na wenye bunduki katika mto huohuo, na hana kaburi la kuchomekwa kijiti. Nilifungua mdomo, kisha nikawaombea tu safari njema. Mungu aliumba Maniema nzuri kutazamwa. Sisi ndio tulioijaza wafu hata mgeni akakosa pa kukalia.