Kigoda cha Mama Aliye Hai

Turubai limeshashushwa, masufuria ya kuazima yanarudishwa kwa wenyewe. Waombolezaji wanatoka, Kashindye Shigela ndiyo kwanza anaingia uani, hapa Igogo, Mwanza. Anapiga goti chini ya kamba ya nguo, kamera jichoni, analenga shati la marehemu Ojuok, lililofuliwa likaanikwa peke yake.

"Mwenyewe ulimpiga picha juzi kwenye jeneza. Hukutosheka?" anauliza mjane, Adongo.

"Pale alikuwa wa watu wote, dada. Hapa ni wako."

Misiba ndiyo inayomlisha Kashindye. Hizi picha za pili, za vitu walivyoacha wafu, hakuna anayezilipia. Amezitundika studioni kwake Mirongo: ndala mlangoni, miwani juu ya redio, godoro juani. Hatulii. Akikaa kidogo anainuka kunyoosha fremu ambayo wala haijapinda.

Mtaani wanamkwepa. "Geuzia huko hiyo kamera, mimi sijaoa bado!" anapiga kelele dereva wa bodaboda.

Lakini inayomkosesha usingizi ni picha moja. Mwaka jana mama yake, Ng'washi wa Buhongwa, alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Kashindye akakuta kigoda chake kitupu uani, kanga imetupiwa juu.

"Niliogopa. Mimi nikiogopa, napiga picha," anasema.

Akaitundika pamoja na zile za wafu, bila kuwaza. Jirani wa Buhongwa aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaiona. Hakuuliza. Kesho yake akina mama wakafika kwa Ng'washi na unga na kuni, vilio vimeanzia barabarani. Ng'washi, aliyekwisha kuruhusiwa hospitali, akatoka na mwiko mkononi.

"Kafa nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Basi unga ingizeni ndani."

Watu walicheka. Ng'washi hakucheka. Tangu siku hiyo alikataa kupigwa picha na bintiye, na kigoda akakihama, akawa anakalia ndoo.

Sasa moyo umeanza tena kumsumbua. "Nimepiga maiti wangapi Mwanza hii," anasema Kashindye, "na mama yangu sina hata picha moja ya kuweka ukutani."

Jumatatu aliishusha ile picha, akaenda Buhongwa mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuangalia kama tayari?"

"Nimeishusha."

Mama akakivuta kigoda, akakikalia. "Nikifa, hiki kitakuwepo, utakipiga mpaka uchoke. Sasa hivi nipige mimi."

"Kamera nimeiacha, mama. Nina simu."

"Mpiga picha gani wewe! Ya simu sitaki, nataka ya kufremu. Njoo Jumapili, nikishasukwa."

Leo ni Alhamisi. Kashindye anafunga begi la kamera, anamuaga Adongo kabla chai haijamiminwa. Anakwenda Buhongwa.

Na Jumapili? anaulizwa.

"Siwezi kukaa mpaka Jumapili," anasema, ameshafika barabarani. "Nywele nitamsuka mwenyewe."