Nilisema "Sawa," Shemeji Akabebeshwa Mzigo

Jamani, mimi nimekosa. Sitaki kuzunguka. Nimekosa kwa neno moja dogo, neno ambalo kila mtu hulisema mchana kutwa bila kulifikiri, na niliyemkosea hayupo nimwombe radhi. Jina langu silitoi. Mkilijua mtalifikisha kwetu mlimani kabla jua halijazama, na huko ndiko ninakoishi.

Naishi ukweni. Wasomaji wa pwani mtanicheka, lakini kwetu Uluguru ardhi ni ya upande wa mama. Mwanamume akioa analima kwa wakwe zake, na mwenye kauli ni mjomba wa mke. Watoto nao ni wa ukoo wa mama yao. Mjomba akikupenda unapata shamba zuri. Akikuchukia unapata mawe!

Mjomba wa mke wangu si mtu wa masihara, ila kuna mchezo mmoja anaupenda kupita kiasi, sataranji. Ujanani alikuwa mpishi wa tajiri wa Kihindi huko pwani, akarudi mlimani na ubao na kete zake: mfalme, waziri, tembo, farasi na wale askari wadogo wa mbele. Alinifundisha mimi, jioni tukitoka shamba. Nikaelewa haraka. Nikamzidi hata, lakini hilo sikumwonyesha. Nilikuwa najifungisha makusudi, yeye anacheka, na mama mkwe akisikia kicheko anatutumia ndizi za kuchoma.

Sasa mjini Morogoro, kibarazani kwa Mhindi mmoja muuza nguo, sataranji huchezwa kwa shauri. Si mtu na mtu, ni kundi na kundi, watatu kwa watatu. Mmoja anatoa wazo, wenzake wanajibu, na kete haiguswi mpaka wote watatu waseme "sawa" kwa sauti. Mmoja akisema "ngoja," mkono unarudi. Kete ikishaguswa, basi, imekwenda.

Akida wetu aliagizwa bomani atafute wapagazi wa safari ya Mdachi ya kwenda bara. Akapungukiwa mtu mmoja, akamtaja shemeji yangu Selemani, mdogo wake mke wangu, ambaye hata alipooa Mjomba alimbakiza alime kwake. Mke wa Selemani alikuwa na mimba kubwa, anatembea ameshika kiuno. Mjomba akasema haiwezekani, akateremka mjini kwenda kuomba. Mimi na Selemani tukamfuata nyuma.

Tulimkuta akida palepale kibarazani, anakunywa kahawa.

"Najua kilichokuleta, mzee," akasema baada ya salamu.

"Bwana Akida, nihurumie. Mke wa huyu yuko karibu kujifungua. Akimwacha sasa, nani atamtazama?"

Akida akacheka. Alikuwa mtu wa kufanyia mzaha hata shida za watu. "Nasikia huko juu wewe ndiye bingwa wa sataranji. Haya, ninyi watatu na sisi watatu. Mkitufunga, nitachukua mtu wa Mkuyuni. Mkifungwa, Selemani anabeba mzigo."

Tungefanyaje? Kukataa kulikuwa sawa na kumkabidhi palepale. Tukakaa. Upande wao akida, mwenye duka na mpishi wa akida. Upande wetu Mjomba, mimi na Selemani mwenyewe. Na Selemani sataranji haijui, jamani! Kila lilipotolewa wazo alinitazama usoni kwanza, kisha akasema "sawa."

Mwanzo tulicheza vizuri. Mwenye duka alianza kujifuta jasho, na akida akaacha mizaha. Ndipo tembo wao mmoja akabaki wazi, hana mlinzi. Mjomba akamwona, macho yakamng'aa.

"Farasi amle tembo," akasema.

Mimi nikaona. Wallahi niliona kama ninavyouona mkono huu ulioshika kalamu! Farasi yule ndiye aliyekuwa mlinzi wa mfalme wetu. Mfalme alikuwa pembeni kabisa, askari wake mwenyewe wamemziba mbele. Farasi akiondoka tu, waziri wao anaingia, na mfalme hana pa kukimbilia.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema?

Masika moja nilimwambia Mjomba mbele ya watu kwamba mfereji aliouchimba utabomoka na kuchukua udongo. Mvua ikanyesha, mfereji ukabomoka. Mnadhani alinishukuru? Aliniambia mbele ya watu walewale, "Wewe ulikuja hapa na jembe lako tu. Usinifundishe mlima wangu." Msimu ule nikapewa mawe, mke wangu akalia, watoto wakashindia mboga. Tangu hapo nikajifunza kusema sawa kwa kila kitu.

Ndiyo sababu ninayojipa nikitaka kujihurumia. Iko nyingine. Nilitaka aaibike! Nilitaka mbele ya akida na Wahindi yule mzee aonekane kakosea, kakosea mwenyewe, mimi simo. Nikajiambia labda akida hataona, labda tutajinasua mbele ya safari. Kichwa cha mtu mwenye kinyongo hakikosi labda.

"Sawa," nikasema.

Selemani akanigeukia. "Shemeji, kweli ni sawa?"

Ole wangu! Aliniuliza mara ya pili, kijana wa watu. "Ngoja" ilikuwa imefika mdomoni. Nikamwona Mjomba ananitazama, amekaza macho, nikaona mawe yangu na mfereji wake.

"Sawa, shemeji."

"Basi na mimi sawa."

Mjomba akamnyanyua farasi, akamla tembo. Mwenye duka aliinamisha kichwa, hakutaka kumtazama mtu. Waziri wao akaingia. "Kafungwa," akasema akida, akaagiza kahawa nyingine.

Selemani hakuelewa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa ni zamu yetu?"

 Waliomjibu ni askari wa akida, si mimi.

Aliondoka na msafara. Mkewe alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo sasa anatembea. Wapagazi waliorudi wanasema walimwacha njiani anaumwa, wengine wanasema hapana, alipelekwa na mzigo mwingine mbele zaidi. Mama mkwe kila msafara ukiingia mjini anateremka kuangalia nyuso, anarudi peke yake.

Na mimi je? Mimi nimepewa shamba la Selemani! Lile la kando ya mto, udongo mweusi, maharage yanaota kama yanasukumwa. "Chukua wewe," Mjomba alisema mbele ya ukoo mzima, "ndiye uliyesimama nami siku ile." Wakanisifu. Ningekataa wangeniuliza sababu. Nikipiga jembe pale moyo unakauka, na mavuno yanazidi tu.

Kuondoka siwezi. Nikiondoka, watoto wangu wanabaki, ni wa ukoo wao, mimi natoka na jembe nililokuja nalo. Kusema siwezi. Na kunyamaza, ndugu zangu, ndiko kunakonila. Mke wangu ananiuliza mbona usiku nageukageuka, namwambia ni viroboto. Juzi kaanika mikeka yote.

Wiki iliyopita Mjomba aliniita. Nikamkuta na ubao mbele yake, kete amezipanga kama zilivyokuwa siku ile. Hakukosea hata moja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kaa, mkwe." Akasema, "Nilipomtaja farasi, moyo ulisita. Nikakutazama wewe. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ngoja. Najua unanizidi, najua siku nyingi unajifungisha ili nicheke. Uliposema sawa, nikasema basi, hofu yangu ni ya uzee. Niambie leo. Uliona?"

Kumbe macho yale niliyoyaogopa yalikuwa yananiomba!

Nilimtazama. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Nikasema moyoni, sema, mwanamume, sema leo yaishe.

"Hapana, Mjomba. Hata mimi sikuona."

"Sawa," akasema. Akazikusanya kete moja moja, akazifunga kwenye kitambaa.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaokaa ukweni, ninyi mnaokaa chini ya kauli ya mtu, na ninyi mnaoulizwa shauri huku mna kinyongo. Ukiona, sema "ngoja." Wakutukane. Wakupe mawe uyalime, utakula mboga na utalala! Mimi nalima udongo mzuri. Jana nilikuwa nachuma maharage, mtoto wa Selemani akaja mpaka ukingoni mwa shamba, akaniita baba. Nikaitika.