Neno la Kuombea Njia

Mzungu aliyejenga nyumba kwetu Galu alipotia geti kwenye njia yetu ya pwani, zilikuwa zimebaki siku tatu bamvua ifike. Siku za bamvua ndizo maji hutoka mbali, mwamba ukabaki wazi, nasi wanawake tukachokoa pweza. Ukiikosa, wangoja nusu mwezi. Kuzungukia njia nyingine ni mwendo wa saa nzima, na goti langu hili halitaki mwendo.

Mlinzi akatuambia mwenye nyumba hapokei maneno ya mdomo. Aandikiwe, tena kwa Kiingereza.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Nikamwita mjukuu wangu wa kike aliyeko sekondari. "Haya mke mwenzangu, njoo ufanye kazi. Kula unakula kila siku."

Akaandika upesi, akanisomea. Ndani ya barua mlikuwa na neno *demand*.

"Hilo ndilo nini?"

"Kudai, bibi. Kwamba lazima afungue."

"Futa. Mtu hatujajuana, wataka nianze na ugomvi? Hata shikamoo hujampa."

"Kiingereza hakina shikamoo."

"Basi mtafutie inayofanana nayo."

Akanuna, akaenda kufungua kamusi. Akarudi na barua nyingine, hii imejaa unyonge mtupu. Humo mlikuwa na *beg*.

"Na hilo?"

"Kuomba sana, bibi. Kama mtu aliyepiga magoti."

"Magoti yenyewe mabovu! Njia ile nimepita tangu nikibebwa mgongoni. Siendi kuomba kama omba-omba wa Ijumaa mlangoni mwa msikiti."

"Sasa wataka neno gani? Huku hutaki, kule hutaki!"

Nikamuuliza, "Umepata kuona watu wakija kuposa?"

"Nimeona."

"Wanadai?"

"Hapana."

"Wanalia?"

Akacheka. "Hata kidogo. Wamevaa kanzu zao, wamekaa wima."

"Wanaomba, na heshima yao wamekuja nayo. Neno la watu hao, Waingereza wanalo au hawana?"

Akafunua kurasa, kidole kikishuka polepole. "*Request*," akasema. Nikamwambia alirudie mara tatu nisikie lilivyokaa. Likakaa vyema. Tukalitia, na *kindly* mbele yake, ambalo alisema ni tafadhali iliyovaa kanzu.

Barua ya posa haiendi uchi. Nikaifunga kwa kitambaa cheupe, nikaiweka juu ya bakuli la vibibi vya mchele na nazi, nikaipeleka mwenyewe. Mlinzi alipoona akaangua kicheko. "Bibi, leo waposa nani? Mzee ana mke!"

"Naposa geti. Peleka, na ukila hata kimoja nitajua."

Kesho yake adhuhuri bakuli likarudi, limeoshwa, na barua ndani. Mjukuu akaisoma amesimama.

"Bibi, amekubali! Anasema tupite kila maji yakitoka. Ameandika *I am pleased to allow you*."

"*Allow* ndiyo nini?"

Akasita. "Kuruhusu."

"Kuruhusu! Nani kamwambia njia ni yake hata aniruhusu?"

"Bibi!" akapiga kelele. "Geti li wazi!"

Nikaenda kusugua ndoo yangu. Lakini niliisugua kwa hasira.

Bamvua ilipofika nikapita pale na ndoo yangu, wenzangu nyuma, mlinzi akitufungulia huku akiulizia vibibi. Nilipata pweza watatu, mmoja mkubwa wa kuitia watu. Jioni nikamwita mke mwenzangu na kamusi yake. Nikamwambia anitafutie neno la asante, ila lisiwe la mtu aliyepewa sadaka. Liwe la jirani kwa jirani.

Alinisomea manne. Matatu niliyakataa. La nne, *appreciate*, alisema ni kuuona wema wa mtu na kuupa thamani yake, bila kuzidisha. Hilo likaenda, juu ya bakuli la pweza wa nazi.