Baruti Haina Nyongeza

Nakumbuka sauti kuliko ninavyoikumbuka siku yenyewe, mwanangu. Krru. Kama kiatu kinachokanyaga chumvi iliyomwagwa kwenye ngazi kuyeyusha barafu. Ilikuwa baruti ikishindiliwa ndani ya ganda la risasi, na mkono ulioishindilia ni huu wangu.

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa msichana wa kucheka ovyo. Nilikaa Scarborough, kule Kanada, nikibadilisha mabasi hadi Unionville kumhudumia mke wa Mzee Nurdin, aliyekuwa mgonjwa. Mzee alikuwa Mwismaili aliyezaliwa Mwanza, mji wetu, na msimu wa kulungu ukifika aliwinda huko kaskazini kwa risasi alizojaza mwenyewe gerejini. Shule niliishia darasa la saba, lakini ndoto hazidai cheti: niliota kambi yangu ya wawindaji, na kibao chenye jina langu. Nikachukua leseni ya bunduki, Mzee akakubali kunifundisha.

Baruti aliyotumia ilijaza ganda hadi shingoni. Kichwa cha risasi kikiingia, kinaibana kidogo. Ndiyo hiyo krru. Kitabu cha waliotengeneza baruti kiliruhusu, lakini kwa kipimo kile tu. Siku hiyo Mzee akapima baruti ya kila ganda kwenye mizani, akaniambia, "Binti, wewe vuta mkono wa mashine, uingize vichwa. Baruti usiiguse." Akaenda kumpa mkewe dawa.

Sasa sikia ujinga wangu. Mama yangu aliuza maharage sokoni, na hakuna mteja aliyeondoka bila nyongeza. Kibaba kikijaa, anakishindilia kwa kiganja, anaongeza konzi. Nilikua nikijua kwamba kipimo kikavu ni uchoyo. Nikayatazama yale maganda, nikamwonea Mzee huruma: mtu mwema hivi, mbona anajipunja? Nikachota kwa kijiko, nikaongeza kidogo kila ganda. Kama inashindilika, si inaingia? Krru. Na wimbo juu.

Mzee akarudi, akashika risasi moja na kuipima urefu.

"Binti, watoto hawa umewalisha nini? Wamerefuka."

Baruti iliyobanwa kupita kiasi ilikuwa inavisukuma vichwa nje. Nilijua palepale kwamba nimeharibu. Lakini ulimi ukakimbilia utani: "Labda ni macho, Mzee. Uzee huo!"

Akacheka. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akapima tena. Kisha akasema polepole, "Huenda. Siku hizi hata sindano ya mama siioni vizuri." Akauamini ulimi wangu kuliko kipimo chake. Nami nikanyamaza, mwanangu. Nilimwacha mzee wa watu aamini kwamba anapofuka.

Akaingia Amiri, mume wa binti yake, aliyekuwa njiani kwenda kuwinda. Akatia kisanduku cha risasi zile kwapani. "Dada, nikuletee paja au pembe?"

"Paja," nikajibu. Yaani nilijibu!

Gari liliponguruma ndipo nikaiona akilini bunduki ikipasuka kando ya shavu lake. Nikakimbia na soksi kwenye theluji, nikagonga kioo. "Usipige hata moja! Niliongeza baruti!"

Tuliporudi ndani na kisanduku, nikamweleza Mzee yote, naye hakupaza sauti. "Kuongeza, ulikuwa hujui," alisema. "Lakini ulinitazama nikifuta miwani." Basi. Akapanda juu kwa mkewe. Ningeshukuru kama angenizaba kofi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai; mimi nilikaribia kuzika mtu kwa kuuficha wangu. Kwa hiyo, mwanangu, ukikaa mezani na baruti, ukarimu uache mlangoni. Fuata kipimo cha baruti ileile, kwa ganda lilelile na kichwa kilekile. Usibadilishe hata kimoja kwa kubahatisha. Anzia kipimo cha chini. Imimine taratibu kwenye faneli yenye shingo ndefu, itulie yenyewe. Kama kitabu hakikuruhusu ibanwe, usiibane. Na kichwa kikianza kurudi nje, simama, usikilazimishe. Usipige soga wala kuimba. Na ukikosea, sema kabla mtu hajafika mlangoni, maana aibu ya kusema hupoa siku hiyohiyo. Ya kunyamaza, mimi ninayo hadi leo.

Mola akupe mkono mtulivu na ulimi mwepesi wa kukiri. Unaowapenda warudi nyumbani na macho yao mawili.

Siku ile nilibaki gerejini peke yangu. Nikachukua nyundo ya kuvulia vichwa, ile inayoshika risasi ndani yake na kukitoa kichwa ukiigonga chini, nikazifungua risasi zote, moja baada ya nyingine, na baruti yake nikaitawanya nje kwenye udongo wa bustani. Ganda la mwisho nililiinamisha kwenye mwanga, nikachungulia ndani hadi nikaridhika kwamba ni tupu.