Fundi Hakuacha Dawa

Wiki iliyopita tulimzika fundi mwashi wa Lizaboni ambaye baadhi yenu, wasomaji wangu wa Songea, mnalala ndani ya kuta alizojenga bila kumjua. Kiharusi kilimkuta asubuhi akifunga kamba za viatu aende kazini. Kufika alasiri alikuwa ameshakata roho. Tulikuwa bado makaburini nilipomsikia mwanajumuiya mwenzetu akimnong'oneza jirani yake: "Huyu aliacha dawa. Mnadhani ni nini kingine?" Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nilichukua koleo, nikaendelea kufukia.

Marehemu aliishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, na hakuficha. Alipokuwa akinijengea nyumba Mjimwema, saa ya dawa ikifika alishuka ngazi, akanawa mikono na kumeza kidonge mbele ya wote. Siku moja kibarua mmoja, mtu mzima mwenye familia yake Namtumbo, alikataa kuchangia naye kikombe cha maji. Fundi hakukasirika. "Kaka yangu," alimwambia, "mimi nimepimwa, virusi vyangu havionekani hata kwenye kipimo. Wewe umepima lini?" Yule bwana alitazama chini. Jumatatu iliyofuata alichelewa kazini; alikuwa amepitia kupima.

Miezi michache iliyopita fundi alianza kulalamika kwamba akipanda ngazi kifua kinabana na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Nikamsindikiza kliniki anakochukulia dawa. Muuguzi alifungua faili, akatabasamu.

"Baba, virusi havionekani. Uko vizuri sana."

"Na hiki kifua, sista?"

"Hapa ni dawa zako tu. Kwa kifua, kapange foleni upande wa pili."

Upande wa pili kulikuwa na watu waliofika tangu alfajiri, naye alikuwa na zege la kumwaga siku ile. Tukaondoka. Hakuna aliyempima presha, na mimi niliyemsindikiza sikuuliza.

Baada ya mazishi nilimtafuta daktari niliyesoma naye. "Dawa zinavilaza virusi, haziviondoi," alinieleza. "Mwili unajua adui bado yumo, kwa hiyo chembe za kinga zinabaki macho miaka nenda rudi. Kemikali zinazotolewa na chembe hizo zinaunguza kuta za mishipa ya damu. Kuta zinavimba, zinakakamaa, mafuta yanajishikiza. Damu ikiganda hapo, ni moyo au ni ubongo." Nikauliza, je, kama angeacha dawa? "Angekufa zamani sana. Dawa zilifanya kazi yake. Presha yake ilikuwa ngapi?" Hakuna mwenye jibu hilo.

Ndiyo maana nina hasira. Tuliwahimiza watu hawa wameze dawa kila siku, wakatii kuliko sisi tunavyotii lolote. Sasa wanazeeka, na sisi tumewakata vipande: virusi dirisha hili, moyo dirisha lile. Jirani asiye na virusi akifa kwa kiharusi tunasema ni presha, tunampa pole mjane. Fundi akifa kwa kiharusi kilekile tunasema alijitakia.

Maneno yale ya makaburini yalimfikia mke wa fundi. Siku ya kumaliza matanga alitoka ndani na kopo la vidonge vya marehemu, akamwekea yule mnong'onaji mkononi mbele yetu sote. "Shemeji, vihesabu," alisema. "Vilivyobaki ni vya siku ambazo hakuzifikia." Shemeji hakuhesabu. Aliweka kopo mkekani, akaaga kwamba ana safari. Hakuomba radhi, na hakuna aliyemdai, hata mimi.

Wewe unayekunywa dawa, usiache hata siku moja. Lakini usiondoke kliniki kabla hawajakupima presha na kukusikiliza kifua, hata wakikuona msumbufu. Na sisi tulio hodari wa kubeba majeneza, tujifunze kuuliza maswali tukiwa na mgonjwa wetu pale dirishani, angali na pumzi ya kusikia jibu.