Chungu cha Mama Subila

Harufu ya vyungu vinavyochomwa kwa nyasi kavu ikinifikia puani, hadi leo hujikuta nimefumba mdomo. Ngoja niwaambieni kwa nini, ila msinicheke sana.

Enzi za Mjerumani mama yangu alikuwa mfinyanzi, nasi tulipeleka vyungu kwa mtumbwi gulioni Lyulilo, kando ya ziwa. Bei haikuwa na maneno: mteja alikijaza chungu nafaka, tukaimimina kapuni mwetu, chungu kikawa chake. Mama aliwagawa wateja kimoyomoyo. Watu wa samaki walitaka vyungu vifupi vya mdomo mpana. Watu wa maji walipenda shingo nyembamba. Watu wa pombe, lo, hao walitaka tumbo kubwa, na mdomo wa kuingiza mirija ya wanywaji wote. Mteja akichomoza tu, mama alishamsogezea cha aina yake: "Hiki nilikuwekea wewe." Watu walicheka, wakashukuru, "Ndaga, ndaga!" Nami nikaiga, maana kwa kiherehere sikuwa na mwenzangu pwani nzima.

Siku moja mama alikuwa bado anapakua vyungu mtumbwini, akaja Mama Subila wa Bujonde, mpika pombe aliyejulikana kotekote. Karibu yake mzee wa kanisa alikuwa amechutama akinusa samaki. Nikakikumbatia chungu kikubwa kuliko vyote, nikapaza sauti:

"Mama Subila! Cha pombe yako hiki hapa, nilikuwekea wewe!"

Gulio zima likasikia. Mama Subila akasimama na kapu lake la mahindi kichwani.

"Nimeshaacha, mwanangu," akasema taratibu. "Nimekuja kutafuta cha maji."

Jumapili ile ndiyo alikuwa abatizwe, baada ya miaka miwili ya mafundisho. Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Mtoto hasemi uongo," akasema, akaondoka na samaki wake.

Wazee wa kanisa wakamrudisha kwenye mafundisho mwaka mzima. Mama alinikokota hadi kwa mzee, tukaeleza kwamba nimekosea, kwamba yule mama hajagusa chungu cha pombe tangu mavuno. Mzee akajibu kuwa muuzaji lazima amtetee mteja wake. Njiani sikuchapwa.

"Mimi huwauliza kwanza kama bado wanataka kilekile," mama alisema. "Hukuwahi kunisikia?"

Sikuwahi. Na moyoni nilijiona nimeonewa, kwani nani asiyejua kuwa Mama Subila ni mpika pombe? Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba nilisema kweli ya mwaka uliopita, na kwamba aliyehangaika kubadilika huumizwa na wale wanaomfahamu vizuri. Nikaona aibu, nami ninayo mpaka sasa.

Mwaka uliofuata alibatizwa. Chungu chake cha maji alikinunua palepale Lyulilo, kwa mfinyanzi mgeni ambaye hakumjua hata jina.