Vipunje Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Wacha nianze na aibu yenyewe ndio msiseme nimeificha: mzee wa nyumba aliposema amina, mimi nilikuwa nimejikunja chini ya kiti cha mama mkwe. Ndiyo, mimi, na suti. Na kabla hamjaanza kucheka, mjue kwamba nilionewa siku hiyo, na hadi wa leo nikikumbuka damu inanichemka.

Hiyo ni miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nikiwa karani katika ofisi moja Westlands, Nairobi. Wenzangu walikuwa na bia zao, mimi nilikuwa na ugonjwa wangu: kukusanya vipunje, yaani virisasi vya zamani vya bunduki ya upepo, zile bunduki ambazo watoto wa masetla wa Kizungu walilengea njiwa pande za Karen. Ni vitu vidogo kuliko punje ya mahindi, kichwa mbele, kiuno chembamba, na nyuma sketi iliyo wazi, na ukichungulia ndani ya hiyo sketi ukakuta herufi, unajua kilitoka kiwanda gani na enzi gani. (Chekeni tu. Kuna watu wanakusanya stempu na hakuna anayewaita wehu.)

Basi siku hiyo naenda kwa kina Wambui, mchumba wangu, Dagoretti, kujitambulisha, nimeandamana na Anko Wafula, ndugu ya marehemu baba. Sisi ni Wabukusu, wao ni Wakikuyu, na baba yake Wambui alikuwa ashasema hataki binti yake aolewe mbali, kwa hivyo siku hiyo ni nikubaliwe au nimkose kabisa. Anko alinionya njia nzima kuhusu jambo moja tu. "Mama mkwe hakaribiwi. Humpi mkono, hukai karibu naye. Akipita hapa, wewe pitia kule."

Tukafika Dagoretti Corner mapema, na nani ananiita kama si yule muuza vyuma vikuukuu niliyemzoea! "Wekesa, kuja uone kitu!" Ni kikopo cha bati, kifuniko kimeliwa na kutu, lakini ndani, jamani, vipunje vya kichwa bapa, vyenye herufi, ambavyo nilikuwa nimevitafuta hadi nikachoka. Mtu mwenye akili angemwambia amwekee hadi kesho. Mimi nikakitia mfuko wa suruali (suti ya mtumba, na aliyeniuzia aliapa kwamba haina kasoro, mwongo mkubwa yule!) tukaenda zetu.

Tukapokewa vizuri, chai ikanyweka, kisha tukasimama tuombe. Baba Wambui aliomba kama mtu anayemdai Mungu. Akaombea mvua, akaombea serikali, akaombea wagonjwa hospitali zote, na huko katikati nikasikia kitu baridi kinateremka pajani. Tik. Halafu tik tik tik kwenye simiti. Kifuniko kimefunguka, mfuko una tundu! Nikafungua jicho moja: wote wamefumba macho, vipunje vinakimbia sakafuni, na kile kizuri kuliko vyote kimebingirika mpaka chini ya kiti cha Mama Wambui. Nikasema moyoni, mzee bado hajaombea Israeli, muda ninao. Nikapiga magoti nikaingia.

Kumbe Israeli haikuwa kwenye orodha siku hiyo. "Amina!" Mama Wambui akarudi nyuma akae, na kisigino chake kikatua juu ya vidole vyangu. "Uuuui!" Nililia kuliko amina zote.

Yule mama, maskini, akainama na kuninyooshea mkono aniinue. Mimi, na maonyo ya Anko yamejaa kichwani, nikauficha wangu mgongoni.

"Kwani mkono wangu una nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeumia.

Kabla sijajibu, kaka yake, mjomba wa Wambui, polisi mstaafu, alikuwa ameokota kipunje. "Hii ni ya bunduki."

"Ya upepo!" nikasema. Mnadhani kuna aliyesikia neno upepo? Nikaanza kueleza, kichwa bapa ni cha kulenga shabaha, cha ncha ni cha ndege, herufi hii ni ya kiwanda fulani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama.

"Anazijua moja moja," yule polisi akawaambia watu. "Mtu mwema hajui haya."

Nikamgeukia Anko anitetee. Anko! "Hata mkimtia pingu ni sawa! Mtu ameingia chini ya kiti cha mama mkwe! Kwetu huo ni mwiko, ni kondoo achinjwe!"

"Kondoo wa nini?" Baba Wambui akafoka. "Kijana ameleta silaha kwangu na wewe unaniambia kondoo?"

Wakagombana hivyo, kila mmoja na kosa lake, na yote ni yangu. Wambui alikuwa amesimama kando ya kabati analia, na mimi, Mungu anisamehe, nikamnong'oneza, "Kuna kimoja kimeingia hapo nyuma yako."

Akanitazama. "Wekesa, baba yangu anakufukuza, na wewe unatafuta hiyo?"

Tukaondoka bila kula, na baadaye nikasikia mama mkwe alivifagia vyote akavitupa kwenye choo cha shimo, hata kile kizuri kuliko vyote. Vitu vimekaa nchi hii tangu wakoloni! Hiyo sijamsamehe.

Ilinichukua safari nyingi za kuomba radhi, na kondoo alichinjwa kweli, na kila safari yule polisi alinisimamisha getini akanipapasa mifuko mbele ya wageni. Niliapa kwamba ukweni sibebi tena hata kiberiti, na nimetimiza. Mnafikiri ilisaidia? Siku ya harusi, mlangoni mwa kanisa, kwaya inaimba, yule polisi akanisimamisha bwana harusi mzima, mikono juu. Nikamwangalia Wambui aniokoe.

"Mjomba," akasema ndani ya shela lake, "angalia na soksi."

Nikavua viatu.